Kabla Hujaamua Juu ya Gego Lako

Kasingirima, Ujiji
Jumanne, baada ya alasiri

Mwanangu Zaituni,

Umetoka kwenda kuaga rafiki zako, na mama yako amejilaza kidogo, amechoka kufunga mizigo ya safari yako ya kesho ya masomo Dodoma. Nyumba imetulia. Nimekaa kwenye meza yako ya kusomea, mlango nimeurudishia kama mwanafunzi anayeficha karatasi ya majibu, nakuandikia. Mambo ya begi sitayagusa. Kidumu cha mawese kimefungwa khanga mbili, dagaa waliomo wanatosha kulisha bweni zima, na kama kuna jambo mama yako amelisahau basi halikuwa jambo. Kusali unajua. Kupika unanizidi. Mimi nina neno moja tu, nalo limenikwama kooni tangu Alhamisi.

Alhamisi ndiyo siku tuliyokwenda kwa daktari wa meno. Nakukumbusha kama vile hukuwepo, kwa sababu nadhani kila mmoja wetu aliona siku tofauti. Wewe ulikwenda na shavu la kushoto limevimba kwa mara ya pili tangu Ramadhani, huwezi kufungua mdomo hata kwa kijiko, mama yako anakusagia samaki wa mgebuka kama anavyosagiwa mtoto. Mimi nilikwenda nikiwa na hakika kwamba ni jino bovu, litazibwa, tutarudi nyumbani kula. Nilikuwa natania njiani. Nilikuambia gego la mwisho wanaliita jino la akili, na kwamba kwetu sisi likichelewa kuota huwa ni la kurithi kutoka kwa upande wa mama. Ulicheka kwa kuguna, mkono mdomoni.

Daktari yule, binti mdogo aliyepangiwa kazi huku akitokea Iringa, akatufungulia picha ya meno yako kwenye kompyuta. Wewe uliangalia nyuma, kule kwenye magego. Mimi niliangalia mbele.

Alieleza vizuri, namsifu. Alisema gego la chini kushoto limelala ubavu, linamsukuma jirani yake, na nyama iliyolifunika nusu inakusanya uchafu, ndiyo maana linavimba na litaendelea kuvimba. Hilo yeye angeling'oa. La chini kulia nalo limeinama, ila limetulia. Unaweza kuliacha likaangaliwa kila mwaka, au ukalitoa siku hiyohiyo kumaliza kazi. Mawili ya juu yameota sawasawa, hana ugomvi nayo. Hakuficha kwamba kuna mshipa wa fahamu unaopita karibu, na kwamba mara chache mdomo hubaki na ganzi. Alisema si kila gego la mwisho ni la kung'oa, na si kila linalobakizwa linabakizwa kwa busara. Kisha akakuuliza wewe unaonaje.

Akakuuliza wewe. Nikajibu mimi.

Nilisema lisiguswe hata moja. Nilisema kwa sauti ambayo hata mimi iliniogopesha, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Nawe, kwa sababu nimekulea hivyo, ukamwambia daktari, "Kama baba alivyosema." Daktari akanitazama kidogo. Halafu akaushusha mshale wa kompyuta mpaka pale mbele nilipokuwa naangalia, akaniuliza mimi, si wewe, kama mtoto huyu alitolewa meno ya plastiki utotoni.

Nikasema hapana, daktari, alizaliwa hivyo.

Zaituni, nimekudanganya. Nimemdanganya na daktari mbele yako, na kabla ya hapo nimekudanganya kwa kukaa kimya tangu una akili ya kuuliza. Hukuzaliwa hivyo. Ulizaliwa na meno yako yote yakiwa yamelala ndani ya fizi, kama kila mtoto. Chonge zako mbili za chini zilichokolewa, na mimi nilikuwepo.

Sijui umesomaje mstari huo. Mimi nimeuandika, nikasimama, nikazunguka chumba, nikakaa tena. Ninaona ajabu kwamba nimeweza kuuandika kwa maneno machache namna hiyo baada ya kushindwa miaka kumi na tisa.

Ilikuwa Kagunga. Umesikia tulikaa Kagunga, nilipoanza kazi ya ualimu, ukiwa mchanga. Kule wakati ule hakukuwa na njia ila ziwa. Ukitaka kuja mjini unapanda boti mpaka Kibirizi, na ziwa likichafuka unakaa ulipo. Ulikuwa na miezi saba. Ukashikwa na homa, ukaharisha siku mbili, mate yanakutoka, unatafuna ngumi zako usiku na mchana. Mwezi huohuo tulikuwa tumezika watoto wawili pale kijijini, mmoja wa mwalimu mwenzangu. Nilibeba jeneza lile. Lilikuwa jepesi mno, nikawa nakuangalia wewe na kuliona lile.

Majirani wakaja kukuangalia, na kila aliyekuja alikufungua mdomo. Walisema kitu kimoja. Kwamba una meno ya plastiki, yale mabaya, laini, meupe, yanayojificha ndani ya fizi na kumletea mtoto homa, na kwamba yasipochokolewa mtoto hafiki Ijumaa. Walisema kwa upole. Hakuna aliyetutakia mabaya. Wakamtaja Bibi Bukuru, mama mtu mzima aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwamba mkono wake ni mwepesi.

Mama yako alikataa. Nataka ulijue hilo kabla ya jingine lolote. Alikuwa binti wa Kasulu wa miaka ishirini na mbili, hajui mtu pale, amezungukwa na wanawake wanaoweza kumzaa, na alikataa. Aliniambia kwa Kiha chake, "Oya, hapana, Baba Zai. Tusubiri boti." Boti ilikuwa ya kesho yake asubuhi. Alikuwa anakunywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kijiko kwa kijiko, na alisema yanakukaa tumboni zaidi kuliko jana.

Mimi ndiye niliyeamua. Mimi, mwalimu wa sayansi. Wiki ileile nilikuwa nimechora kinywa ubaoni kwa darasa la nne, nimeandika kwa mkono wangu kwamba meno ya mtoto huanza kujengeka ndani ya fizi kabla hajazaliwa. Nilikuwa na chaki bado kwenye mfuko wa shati. Nikamwambia mama yako kwamba wenyeji wameona mengi na kwamba vitabu havijui kila kitu. Mganga hajigangi, lakini mimi sikuwa hata mgonjwa. Nilikuwa mtu mwenye hofu aliyetaka kufanya jambo, lolote, ili asikae tu akitazama.

Bibi Bukuru alikuja na spoku ya baiskeli aliyoichemsha kwenye sufuria. Mama yako akatoka nje. Nilikupakata, nikakushika mikono yote miwili kwa mkono wangu mmoja, kichwa nikakikumbatia kifuani. Sitakueleza zaidi ya hapo, si kwa kuficha, ila kwa kuwa hakuna utakalolipata humo. Ulilia, kisha sauti ikakukauka.

Alipomaliza aliniwekea kiganjani vitu viwili vidogo, vyeupe, laini kama utando wa yai bichi. Akasema, "Unaona, Mwalimu? Ndiyo hayo."

Niliviona. Na nilivijua. Hicho ndicho kinachonishtua mpaka leo, kuliko spoku, kuliko damu. Nilivitazama nikajua papo hapo kwamba zile ni chonge zako, hazijakomaa, zilizokuwa zinangoja zamu yake. Nikamshukuru yule bibi. Nikamsindikiza mpaka nje.

Homa haikushuka. Asubuhi tukapanda boti, mama yako amekufunika na khanga, haongei na mimi. Hospitali walikupima, ilikuwa malaria, wakakutibu ukapona, alhamdulillahi. Lakini muuguzi wa zamu alipokufungua mdomo alisimama. Aliuliza ni nani aliyekufanyia hivyo, na aliuliza kwa hasira ambayo nilistahili kila chembe yake. Nilikuwa nimesimama pale, nimeshika kikapu cha nguo zako. Nikafungua mdomo, nikakumbuka kwamba mimi ni mwalimu, kwamba shangazi zangu wako Ujiji hapa, kwamba habari zitafika shuleni kabla yangu.

Mama yako akasema, "Ni mimi."

Akagombezwa mbele ya wodi nzima. Akaambiwa ni mjinga, ni mama gani, wamezoea ushenzi huko vijijini. Akainamisha kichwa, akaitikia. Na mimi nikamwacha. Tulipotoka sikumwomba msamaha, nilimnunulia soda.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu imekwenda mbali sana, kwa sababu alikuwepo mtu wa kunibebea mzigo. Ulipoanza shule na watoto wakakuita Pengo, ulikuja ukilia, mama yako akakuambia ndivyo Mungu alivyokuumba, nami niliyekaa pembeni nikisahihisha madaftari nikaitikia, "Ndiyo, mama." Nilimsingizia Mungu, Zaituni. Meno ya utoto yalipong'oka na ya ukubwani yakaota, nilikuwa nachungulia mdomo wako ukiwa umelala, nikiombea yale mawili yatoke. Hayakutoka. Kwenye picha ya Alhamisi upande mmoja hapana kitu, na upande wa pili kuna kipande kama punje ya mchele, kimekwama ndani ya mfupa. Ndicho nilichokuwa nakitazama wakati wewe unatazama gego.

Kuna jambo jingine ambalo huenda umelisahau, mimi sijalisahau. Siku ya mahafali yako ya kidato cha nne ulipewa nafasi ya kusoma risala. Ulisoma vizuri, ila kila ulipofika pa kucheka ulifunika mdomo. Nikakukaripia mbele ya wageni. Nilikuambia utoe mkono mdomoni, uzungumze kama mtu aliyesoma. Uliutoa. Na hukucheka tena siku ile, hata kwenye picha. Mimi niliyekuchukulia meno ndiye niliyekugombeza kwa kuficha pengo. Kila nikiikumbuka siku hiyo nashindwa kuamini kwamba mtu yule alikuwa mimi na alikuwa timamu.

Kila mwaka nikifika kwenye ukurasa wa meno darasani nafundisha haraka haraka. Meno ya mbele, chonge, magego, fungeni vitabu. Wanafunzi wanadhani nawapenda sana, siwapi kazi ya nyumbani.

Sasa nikurudishe Alhamisi, kwa kuwa ndiyo inayokuhusu kesho. Tuliporudi nyumbani wewe uliingia kulala na shavu lako. Mama yako alikuwa anachagua mchele. Nikamweleza daktari alivyosema, nikamweleza na nilivyojibu, nikitegemea aitikie kama siku zote. Hakuinua uso. Alisema, "Lile la kwanza nilikubebea. La leo silibebi." Akaendelea kuchagua mchele.

Nilidhani nimesikia vibaya. Katika miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuniambia neno kuhusu Kagunga, hata tukigombana, hata siku niliyostahili. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba alisamehe, au alisahau, au kwamba yeye hayo mambo hayakumwumiza sana. Hivi ndivyo mtu anavyoweza kulala na mtu kitanda kimoja asijue amembebesha nini. Nilikaa uani mpaka adhana ya magharibi. Sikuwa nafikiri chochote cha maana. Nilikuwa nimeshtuka tu, kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemtegemea.

Jana nikarudi kwa daktari peke yangu. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, mwalimu ni mwalimu. Sikuimaliza. Nilipofika kwenye neno Kagunga akaniambia taratibu, "Nilijua, Mwalimu. Wasiojua huuliza hayo meno ya plastiki ni kitu gani. Wanaokana haraka ndio waliokuwepo." Mtoto yule angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Akaniambia wapo wengi, na wamo wenye elimu kuliko mimi. Sijui kama alitaka kunifariji. Haikunifariji.

Nilimwuliza kuhusu gego lako. Akarudia yaleyale: la kushoto yeye angelitoa, na lisipotolewa utakuwa unaishi kwa dawa, halafu siku litakapovimba kwenye mitihani hutasoma wala hutakula. La kulia, hiari yako. Akaniambia pia kwamba kule mbele panaweza kutengenezewa meno, yapo ya namna mbalimbali, yakapendeza, lakini kwanza umalize la nyuma linalouma. Nikamwuliza, kama angekuwa yeye ndiye baba, angeamuaje. Akasema baba hang'olewi. Akaniandikia upya ile barua ya rufaa aliyotupa Alhamisi uende nayo Dodoma, akaweka humo yaliyotokea Kagunga, ili daktari wa Dodoma ajue anachokiona. Ya zamani ameichana mbele yangu. Mpya iko ndani ya kitabu chako cha biolojia, ukurasa wa kwanza, haikufungwa. Isome.

Nisikilize basi, mama. Siku ile niliposema lisiguswe hata moja, sikuwa nazungumzia gego. Sikuwa hata nimelitazama. Nilikuwa Kagunga, nimekushika mikono, na nilichokuwa nasema ni kwamba sitaki kukushika tena. Wewe hukuwa na namna ya kulijua hilo. Ulisikia baba anasema kwa uhakika, ukadhani uhakika umetokana na kujua. Ukakubali kusafiri na jino linalokuumiza, kwa sababu ya hofu ya mtu mwingine. Hiyo ni mara ya pili naamua juu ya mdomo wako bila kukuuliza. Mara ya kwanza niliamua kutoa, mara ya pili nikaamua kubakiza, na zote mbili nilikuwa najitibu mimi.

Kwa hiyo neno langu la Alhamisi nimelifuta. Sikuwekei jingine mahali pake. Ukiamua kulitoa la kushoto peke yake, ni sawa. Ukitoa yote mawili ya chini, ni sawa. Ukitaka kungoja kidogo, mwulize daktari wa huko ungoje mpaka lini na uchunge dalili gani, halafu ungoje ukijua unachokingojea. Usinipigie simu kuuliza nasemaje. Nipigie ukishaamua. Na kama utakuwa unaogopa, ogopa ya kwako. Ya kwangu usiichukue, haikupimwa kwa mdomo wako.

Mimi sijui kuomba msamaha vizuri. Nimezoea kuombwa. Lakini nakuomba, kwa meno yale mawili, kwa uongo uliofuata, kwa siku ya risala, na kwa Alhamisi. Mama yako nimemwomba jana jioni, miaka kumi na tisa baada ya siku yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nisidhani kwamba kuomba kumemaliza, kisha akaniuliza kama nimekula. Nimelipokea hilo kama lilivyo.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya begi lako, katikati ya nguo, uikute ukiwa umeshafika Dodoma na mimi niko mbali. Mama yako akaniambia huo ni woga uleule, umebadilisha usafiri tu. Ana haki. Kwa hiyo naiacha hapa mezani, juu ya daftari lako, utakaporudi uisome ungali ndani ya nyumba yangu, na kesho ukiondoka uondoke tumeshaonana.

Niko uani. Ukimaliza kusoma, toka nje. Usianze na shikamoo. Sema kwanza unalotaka kunisemea, na unapolisema usifunike mdomo.

Baba yako